Chakula Kinapokwama: Njia ya Haraka ya Kupimwa Saratani ya Koo na Tumbo, Migori na Homa Bay

Mtu mzima ambaye chakula kinamkwama kifuani anapaswa kupitishiwa kamera kooni, kipimo kiitwacho endoskopi, ndani ya wiki 2. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote yaliyomo humu ni namna ya kuifikia hiyo kamera ukiwa Ntimaru, Karungu, Ndhiwa au kisiwani Mfangano, ambako mashine hazipo na nauli haipatikani kila siku.

Kwa nini haraka? Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2018 yaliihesabia Kenya wagonjwa wapya 4,380 wa saratani ya umio, ile ambayo wengi wetu huiita saratani ya koo, na vifo 4,351 mwaka huohuo. Soma tarakimu hizo mara ya pili. Wanaougua na wanaokufa wanakaribia kulingana, na sababu kubwa ni kwamba wengi hugunduliwa uvimbe ukiwa umeshaziba njia na kusambaa. Hakuna dawa mpya itakayopunguza vifo hivyo kama mgonjwa ataendelea kupoteza miezi 4 kati ya duka la dawa na benchi la zahanati. Ninavyoona mimi, miezi mingi hupotelea huko chini, kabla daktari bingwa hajasikia hata jina la mgonjwa.

Mwongozo huu ni wa yule anayemshika mgonjwa mkono: mwana, mke, shemeji, nyamrerwa wa kijiji, yaani mhudumu wa afya ya jamii. Muuguzi na ofisa wa kliniki wakiusoma, ni vyema zaidi.

Hatua ya 1: Tambua dalili isiyongoja

Mgonjwa wa umio mara chache huja akisema hawezi kumeza. Huja akisema ana vidonda vya tumbo, au watu wa nyumbani humleta kwa sababu amekonda. Ugumu wenyewe humjia kwa kunyemelea. Kwanza nyama inakataa. Kisha ugali, anaomba usongwe laini, anateremsha kila tonge kwa maji. Baada ya wiki kadhaa anakula samaki kwa kunywa mchuzi tu. Halafu uji. Mzee mwenye heshima zake atakuambia hana hamu, na nyama yake atawasogezea wajukuu, kwa hiyo aliye karibu naye ndiye huiona dalili kabla yake.

Muulize maswali matatu. Je, kuna chakula ulichokuwa ukikila mwaka jana na sasa unakikwepa? Je, unahitaji maji ili tonge lishuke? Je, unaweza kunionyesha kwa kidole linakokwama? Akigusa kifua, umeshapata sababu ya kutosha kwenda zahanati kesho.

Zipo dalili nyingine zinazohitaji kamera haraka hata kama anameza vizuri: kupungua uzito bila sababu pamoja na maumivu ya juu ya tumbo, kushiba baada ya matonge machache, kutapika mara kwa mara, upungufu wa damu usioeleweka, uvimbe juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto karibu na shingo. Sauti kukwaruza, na kukohoa kila anapokunywa maji, ni dalili za hatari zaidi.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami huku akihisi kizunguzungu, au akishindwa kumeza hata mate yake, sahau barua na miadi. Hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali yenye wadi leo hii.

Jambo moja kuhusu umri. Nchini Uingereza, miongozo ya mwaka 2015 ilisema anayekwama chakula apelekwe kwenye kamera haraka akiwa na umri wowote. Kikomo cha miaka 55 kiliwekwa kwa wale wenye dalili nyingine, kama kukonda na maumivu ya tumbo. Kikomo hicho kisikubaliwe hapa kwetu. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu saratani ya umio kwa vijana wa eneo lao, wakiwemo walio chini ya miaka 30. Bomet haiko mbali nasi. Kijana wa miaka 28 akiambiwa "wewe bado mdogo kwa ugonjwa huo", aombe kwa adabu barua iandikwe hata hivyo.

Kuna nyumba ambazo kukonda huitwa chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na wazee hukaa kikao kabla ya mtu kupelekwa popote. Kuna nyumba nyingine zinazoanza na maombi ya kufunga. Sina ugomvi na yeyote. Ila maombi hayana foleni, na kamera inayo. Chukua nafasi kwenye foleni kwanza, kikao kiendelee mkisubiri.

Hatua ya 2: Zahanatini, usitoke na vidonge peke yake

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na hufia kwa sababu zinazoonekana za busara kabisa.

Mtego wa kwanza ni omeprazoli. Mgonjwa anasema kifua kinamchoma, anapewa dawa ya kupunguza asidi, anapata nafuu kidogo, anarudi tena na tena kuongezewa. Dawa hiyo ni nzuri kwa kiungulia. Haifungui njia iliyozibwa na uvimbe, na nafuu yake ya muda humtuliza mgonjwa na tabibu wake pamoja. Chakula kikikwama, dawa ya asidi isitumiwe kuahirisha kamera hata kwa wiki 2.

Mtego wa pili ni kipimo cha pylori, bakteria wa tumboni. Kila mji wenye stendi ya matatu una kliniki inayokipima kwa choo au damu, na watu wengi sana nchini mwetu hutoka chanya, wawe wagonjwa au wazima. Bakteria huyo kweli huhusishwa na saratani ya tumbo na anastahili kutibiwa, lakini kumkuta hakuelezi kwa nini ugali haushuki. Mtu hutumia dawa za siku 14, hukaa mwezi akingoja zifanye kazi, kisha hupimwa upya. Karibu miezi miwili imekwenda.

Wa tatu ndio mgumu zaidi, na ni wa kwetu hasa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 uliikuta Homa Bay na maambukizi ya virusi vya ukimwi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima, ya juu kuliko kaunti nyingine zote, na Migori imo katika ukanda huohuo wa ziwa. Basi muuguzi anapomwona mtu aliyekonda na anayelalamikia koo, hufikiria fangasi ya umio au kifua kikuu. Ana haki ya kufikiria hivyo. Fangasi ya umio hutibiwa kwa flukonazoli, na kwa kawaida mgonjwa huanza kupata nafuu ndani ya siku 7. Asipopata nafuu katika wiki hiyo, asiongezewe wiki nyingine: apelekwe kwenye kamera. Na kuna tofauti ya kusikilizwa mapema. Fangasi huleta zaidi uchungu wakati wa kumeza, mara nyingi pamoja na utando mweupe mdomoni. Uvimbe huanza kwa vyakula vigumu kukwama, na ugumu huongezeka wiki hadi wiki. Anayetumia dawa za ARV vizuri, virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo, ana sababu ndogo zaidi ya kuhesabiwa kuwa na fangasi tu.

Kuhusu kifua kikuu: makohozi yapimwe, bila shaka. Lakini yapimwe siku ileile barua ya kamera inapoandikwa. Huko ndiko njia ya haraka inakopita: vipimo huenda sambamba, kimoja hakikingoji kingine. Mtu akingojeshwa majibu ya kifua kikuu, halafu ya pylori, halafu mwisho wa dozi ya fangasi, kila hatua itakuwa sahihi na mgonjwa atakuwa amechelewa.

Kabla ya kuondoka zahanatini, omba mambo mawili yafanywe: uzito upimwe na uandikwe, na kiwango cha damu kipimwe kama kuna kifaa. Uzito ulioandikwa leo utakuwa ushahidi wiki ijayo.

Hatua ya 3: Barua inayofungua mlango

Nyamrerwa ana fomu yake ya rufaa ya jamii, MOH 100, ya kumfikisha mgonjwa zahanatini. Kutoka hapo inahitajika barua ya tabibu. "Apelekwe mbele kwa uchunguzi zaidi" ni maneno yanayomrudisha mgonjwa mwisho wa foleni ya kila mtu. Barua iseme inachotaka. Hospitali zetu huandika kwa Kiingereza, lakini maudhui yawe kama haya:

"Mwanamume, miaka 52. Vyakula vigumu vinamkwama kwa wiki 6, sasa anameza uji pekee. Uzito umeshuka kutoka kilo 68 hadi 59. Anatumia ARV, virusi havionekani. Alipewa flukonazoli siku 7 bila nafuu. Inashukiwa saratani ya umio. Naomba endoskopi ya haraka pamoja na kuchukua vipande vya kupima, ndani ya wiki 2. Simu ya mgonjwa, ya ndugu yake na yangu zipo hapa chini."

Simu tatu, si moja. Simu ya mgonjwa wa kijijini huzimika chaji, na nafasi ya kamera ikipotea kwa sababu hiyo hairudi upesi. Piga picha ya barua kabla ya kuondoka, kwa sababu barua hupotea.

Hatua ya 4: Tafuta kamera kabla ya kupanda gari

Desturi yetu ni kupanda ngazi moja moja: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya kaunti ndogo, hospitali ya kaunti, kisha ya juu yake. Kila ngazi ina siku yake ya kliniki, na kila kliniki ina "njoo wiki ijayo". Kwa malaria au mguu uliovunjika ngazi hizo zina maana. Kwa chakula kinachokwama, zahanati na mashine ya kamera zinapaswa kuongea moja kwa moja. Waingereza huuita utaratibu huo kwenda kwenye kipimo moja kwa moja: mgonjwa hapitii kwanza kliniki ya bingwa ili bingwa naye amwagizie kamera.

Anza kwa kuuliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako, Migori mjini au Homa Bay mjini. Uliza maswali haya kwa mpangilio: Je, kamera inafanya kazi wiki hii? Anayeipitisha yupo? Nafasi ya karibu ni lini? Mnachukua vipande papo hapo? Jibu la swali lolote likiwa baya, songa mbele bila kulaumu mtu. Mashine moja ikiharibika, foleni ya kaunti nzima husimama.

Ukiwa Kuria, Isebania, Uriri, Awendo au Rongo, barabara yako inaelekea Kisii, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ukiwa Oyugis au Kendu Bay, Kisumu haiko mbali, na hapo kuna Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi bado huiita Russia. Walio Mbita na Sindo huteremkia Homa Bay kwanza. Na wa Migori na Rongo wanaoweza kuongeza safari, kutoka Kisii barabara inaendelea hadi Sotik na Bomet, ilipo Tenwek. Hospitali hiyo ya misheni, iliyoanza mwaka 1937, imekuwa na kazi kubwa ya umio kuliko hospitali nyingi Afrika. Mwaka 2009 madaktari wake walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 waliowekewa stenti, mrija wa waya unaofungua njia ya chakula. Ningekuwa na mgonjwa aliyefikia uji tu, ningeipigia Tenwek siku ileile ninapoipigia hospitali ya kaunti.

Afadhali muuguzi ndiye apige, kwa sababu mtu wa hospitali humsikiliza mwenzake upesi. Akiwa na shughuli, piga mwenyewe: "Habari ya asubuhi, sista. Nipo Kehancha na baba yangu. Ana barua ya endoskopi ya haraka, chakula kigumu hakipiti kwa wiki 6 na amepungua kilo 9. Naomba unisaidie kujua nafasi ya karibu, na kama kuna mtu ameahirisha wiki hii tuko tayari kuja hata kesho." Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Watu hukosa miadi kila wiki, na aliye tayari huchukua nafasi zao.

Hatua ya 5: SHA, siku hiyohiyo

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa ya hospitali. Zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, lakini kuanzia hospitali ya kaunti ndogo kwenda juu unahitaji kuwa umesajiliwa na umelipa mchango. Piga *147# leo, au nenda dawati la SHA la hospitali ukiwa na kitambulisho. Usingoje majibu ya saratani ndipo ujisajili. Familia nyingi hufanya hivyo, na hujikuta zikihangaikia makadirio ya mapato na malipo ya mwaka huku mgonjwa amelala kitandani.

Kikomo cha matibabu ya saratani kilianza kikiwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, na Oktoba 2025 Rais William Ruto alitangaza kitapanda hadi 800,000. Muulize ofisa wa dawati kiwango kinachotumika siku hiyo, na muulize pia kama endoskopi na maabara ya vipande vinahitaji idhini kabla. Idhini ikiombwa asubuhi ya kipimo, mara nyingi kipimo huahirishwa.

Hatua ya 6: Siku ya kamera

Kwa mtu wa kawaida, kutokula kwa saa 6 hadi 8 hutosha. Kwa anayekwama, chakula hubaki juu ya uvimbe kwa muda mrefu, hivyo siku nzima ya kabla anywe vitu vyepesi tu, kisha afuate saa alizopewa. Umio ukikutwa umejaa mabaki ya ugali, mpimaji hulazimika kuacha, na mmepoteza nafasi. Mweleze kama mgonjwa ana kisukari, presha, au anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. ARV asiziache kwa kujiamulia; aulize azinywe saa ngapi.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na pengine mgonjwa huchomwa sindano ya usingizi mwepesi. Akipewa hiyo, asirudi peke yake kwa bodaboda. Kipimo hicho kinatisha kuliko kinavyouma.

Hatua ya 7: Kifuate kipande

Macho ya mpimaji yanaweza kushuku saratani, lakini matibabu huhitaji ushahidi wa maabara. Mpimaji akishaona kitu cha kutia shaka, anapaswa kuchukua vipande kadhaa. Mara nyingi 6 au zaidi, kwa sababu kimoja kinaweza kuangukia sehemu iliyokufa na kutoka safi. Kabla ya kuondoka uliza: Vipande vimechukuliwa vingapi? Vinapelekwa maabara gani? Nani anavipeleka, na lini? Malipo yake yamekamilika? Nimpigie nani, tarehe gani?

Ninakazia hapa kwa sababu ndipo watu hudhani kazi imekwisha. Chupa inaweza kukaa kabatini ikisubiri malipo ambayo hakuna aliyeitaja. Ukikabidhiwa uipeleke mwenyewe, hakikisha jina, umri na tarehe vimeandikwa kwenye chupa yenyewe na si kwenye mfuko tu, na usimwage ile dawa iliyomo. Majibu yakisema hakuna saratani huku mpimaji aliona uvimbe, usishangilie. Omba vipande virudiwe mara moja. Lengo lako liwe siku 28 tangu barua ilipoandikwa hadi majibu yawe mkononi. Ndicho kipimo Uingereza inachotumia sasa, na hakuna sheria ya maumbile inayosema Nyatike isikitake.

Wakati huo wote mgonjwa ale. Uji wenye njugu na maziwa, mayai yaliyopigwa, supu ya samaki iliyochujwa, omena wa kusagwa. Mwili uliodhoofika hunyimwa upasuaji na dawa kali.

Hatua ya 8: Baada ya majibu

Hapa napita upesi, kwani huu ni mwongozo wa kufika kwenye jina la ugonjwa. Skani ya CT ya kifua na tumbo huonyesha ugonjwa umefika wapi. Ukiwa wa mapema, upasuaji au dawa pamoja na mionzi vinaweza kuuponya. Mionzi ya hospitali za umma iliyo karibu nasi iko Eldoret na Nakuru, kisha Nairobi. Ukiwa umechelewa, stenti humwezesha mtu kula tena, na tiba shufaa humwondolea maumivu kwa mofini ya maji. Yeyote atakayesema "hakuna la kufanya, mrudisheni nyumbani" kwa mgonjwa asiyemeza hajamaliza kazi yake.

Na kwa wanaosimamia hospitali za Migori na Homa Bay: mnachohitaji kwa kuanzia si jengo. Wekeni simu moja inayopokelewa na muuguzi wa endoskopi, nafasi 2 kila wiki zisizoguswa na mtu isipokuwa wanaokwama chakula, na daftari linaloandika tarehe ya barua, ya kamera na ya majibu. Baada ya miezi 6 daftari hilo litawaonyesha mahali siku zinapopotelea. Nambari ya simu hiyo ibandikwe ukutani katika kila zahanati, kuanzia Kegonga hadi Remba.

Kwako wewe mwenye mgonjwa nyumbani: usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi mpeleke zahanati, na neno la kwanza utakalomwambia muuguzi lisiwe "vidonda vya tumbo". Mwambie chakula kinamkwama, na mmekuja kuomba barua ya kamera.